Herufi Ishirini na Nne

Barua ya hospitali inasema:
piga simu ukiwa tayari.
Nimeisoma mara saba. Haisemi tayari ni siku gani,
ina sura gani, kama itabisha hodi
au itaingia tu, kama mwenye nyumba.

Plasta waliikata wiki ya pili ya Machi.
Ndani mlikuwa na mguu wa mtu mwingine,
mwembamba, wenye magamba, unanuka kabati.
Nikausalimia. Haukuitika.

Barafu ndiyo iliyoniangusha, kituo cha basi,
mteremko wa Walkley, hapa Sheffield,
saa moja asubuhi, natoka zamu ya usiku.
Na nilikuwa nimevaa viatu vizuri, hilo lijulikane,
maana kila anayekuja kunijulia hali huanza na viatu.

Bwana Ollerenshaw wa mlango wa pili,
mwenye goti la chuma la miaka sita,
anasema usiukimbize mguu;
yeye aliukimbiza, wakampasua tena.
Tendai wa kazini anasema ukiulaza utalala jumla.
Dada Mashavu, kwa simu kutoka Tanga,
anauliza kwani huko hakuna mtu wa kukanda,
na mafuta ya nyonyo yanauzwa duka gani.
Methali nazo ni mashahidi wa pande zote mbili,
humtetea yeyote anayeziita.
Subira huvuta heri, haya:
yangu imevuta bili ya gesi
na ujumbe wa meneja, mpole mno, wenye kikatuni cha ua.

Lililo gumu kulisema ni hili.
Miaka tisa, kazi yangu ni kuinua watu vitini.
Bi Maud, nyonga mpya, siku ya tatu,
nilimshika kiunoni nikamwambia twende,
hatua moja tu, kesho haimo kwenye ratiba.
Alinitazama. Akasema, wewe hujui.
Nikacheka. Najua, mama, najua,
nikamsimamisha.

Sasa nakaa ukingoni mwa kitanda,
kisigino kimening'inia sentimita mbili juu ya zulia,
na hizo sentimita mbili ni shimo.
Siyaogopi maumivu; maumivu tumeshazoeana.
Naogopa kuuweka chini
nikakuta ndio huu, basi, hautakuwa mwingine.
Nisipoanza, bado unaweza kupona wote.

Bi Maud alisema kweli.

Karatasi ya mazoezi ina mchoro wa mtu asiye na uso.
Inaagiza: kwa kidole gumba, andika alfabeti hewani.
Jana usiku sikuwa nimeamua kitu,
nilikuwa nangoja birika lichemke.
Nikaandika a. Ikatoka kama yai lililopasuka.
Nikaandika ba, be, bi.
Mguu wangu uko darasa la kwanza,
ungekuwa na ulimi ungeutoa nje ukiandika.
Kwenye k nilitukana, kwa sauti.
Kwenye m nikapumzika:
m ina vilima, kama mji huu.
Karatasi yao inadai herufi ishirini na sita.
Lugha yangu haina q, haina x;
nimesamehewa misokoto miwili
na hakuna wa kunisahihisha.
Nilipofika z maji yalikuwa yameshapoa.

Kisha nikashusha kidole, kidole tu.
Zulia likawa baridi,
halafu likawa zulia.

Namba ya simu iko chini ya kopo la sukari.
Nitapiga Jumatatu. Au Jumanne,
Jumatatu wanakuwa na foleni.
Wakiniuliza, umeanza lini,
nitasema bado,
na chini ya meza mguu utakuwa unaandika.